Mama Mdogo Nje ya Ua

Harufu ya chungu kilichotoka kuchomwa hunishika popote niwapo. Juzi nilikuwa bandarini Itungi kumpokea mjukuu wangu, meli ikawa imechelewa, na wanawake wa Kikisi, wale wafinyanzi wa mwambao, walikuwa wameteremsha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi na kuvipanga juu ya majani. Niliinama kama mnunuzi, nikaingiza uso ndani ya kimoja, nikavuta pumzi. Mwenye chungu akaniuliza, "Bibi, unatafuta ufa?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini kingine? Kwamba mle ndani nilimkuta mwanamke aliyekufa nikiwa mtoto, amenyoosha miguu chini ya migomba, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni?

Mwanamke huyo tulimwita Mama Mdogo. Jina lake hasa lilikuwa Sekela. Alikuwa mke wa pili wa baba, na alitoka mwambao, kule ambako milima inashuka moja kwa moja ziwani na watu hawana mahali pa kulima pa maana, kwa hiyo wanaume huvua na wanawake hufinyanga. Sisi tulikuwa watu wa bara kidogo, upande wa Makwale, watu wa migomba na ng'ombe. Alipoolewa alikuja na gunzi lake la mahindi la kulainishia vyungu na mfuko wa udongo mwekundu wa kupakia, akachimba shimo la kuchomea nyuma ya nyumba, na mama yangu, ambaye alikuwa mke mkubwa na alikuwa na haki ya kununa, akaenda kumsaidia kubeba nyasi kavu za kuchomea. Ndivyo walivyoanza.

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye nyumba za wake wengi mnajua kwamba si kila nyumba ilikuwa hivi. Nyingine zilikuwa moto. Yetu haikuwa moto. Mama na Mama Mdogo walikula sahani moja. Baba alikula na rafiki zake, kama wanaume wote, nasi watoto tulikula zetu, lakini wale wawili walikaa mlangoni na chombo kimoja kati yao, wakizungumza polepole mpaka chakula kinapoa. Mama alikuwa haongei sana na watu wengine. Maneno yake yote, naona, aliyamalizia pale.

Mama Mdogo alikuwa na mtoto mmoja, Tumpe, ambaye alikuwa mdogo kwangu lakini mwepesi wa mdomo kuliko mimi. Hatukujua kwamba sisi ni watoto wa matumbo mawili mpaka siku tulipotenganishiwa mama.

Baba alikuwa fundi wa mianzi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzoea nchi yetu wakati huo. Boma lilikuwa mbali, kodi ilikuwa karibu, na misheni ilikuwa karibu zaidi. Mchungaji Mzungu aliona nyumba za baba, jinsi zilivyosimama wima na kufumwa bila kasoro, akamwita amjengee shule. Baba akajenga shule, kisha nyumba ya walimu, na kazi ikamfanya asikie kila siku maneno yaliyokuwa yakisemwa mle. Sijui ni neno lipi lililomshika. Najua tu kwamba alianza kurudi nyumbani kimya, akikaa nje akiangalia mikono yake. Alikuwa amezika watoto wawili kabla yangu, na mara moja nilimsikia akimwambia mama, "Wanasema tutawaona." Mama aliendelea kumenya ndizi.

Kazi ya mwisho aliyopewa ilikuwa ua wa makaburi. Mchungaji alikuwa amepoteza mtoto wake mdogo kwa homa, na hakutaka ng'ombe wakanyage pale. Baba akafuma ua wa mianzi pande zote nne, na mlango mmoja mwembamba wenye kamba ya kufungia. Tulikwenda na Tumpe kumpelekea chakula, tukamkuta akipitisha kidole juu ya mafundo kuona kama yamekaza. Akatuambia kwa fahari kwamba humo watalala waliobatizwa, na wengine watalala kwao.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri juu ya zizi la kondoo lenye mlango mmoja, kwamba walio ndani wana mwenyewe, na walio nje ni wa kuliwa na mbwamwitu. Aliongea Kinyakyusa cha kuchagua kila neno kabla ya kulitoa, kwa hiyo hata mtoto aliweza kumfuata. Mimi nilimfuata vizuri sana. Nilijua kabisa zizi analolisema liko wapi. Nilikuwa nimemwona baba akilijenga.

Nilichokuwa sijui ni kwamba baba asingeweza kubatizwa na wake wawili. Walimwambia achague. Wengine kwetu walichagua mke kijana na kumtoa aliyezeeka, jambo ambalo hata wasioamini waliliona la aibu. Baba alichagua yule wa kwanza, kwa sababu ndivyo walivyofundisha, na kwa sababu, nadhani, aliogopa macho ya mama. Lakini macho ya mama hayakumshukuru.

Siku alipomwambia Mama Mdogo, hakumwita kando. Alisema mbele yetu sote, amesimama, kama mtu anayesoma amri ya boma. "Sekela, sikuchukii. Wewe mwenyewe unajua. Lakini nataka kwenda mbele za Mungu, na njia hiyo haipitiki na watu watatu."

Mama Mdogo alikuwa anasugua chungu kibichi. Akaendelea kusugua. Kisha akauliza, "Na Tumpe?"

"Tumpe ni wa ukoo wangu."

"Ndiyo," akasema. "Ndaga." Akamshukuru. Mpaka leo sijui alimshukuru kwa lipi. Labda ulimi ulishika neno lililokuwa karibu.

Mama alimsindikiza mpaka mtoni walipokuja kaka zake na mtumbwi. Aliporudi hakula siku ile, wala siku iliyofuata, na tangu hapo alikula amesimama, akiwa njiani kwenda kufanya kitu kingine. Tumpe alilala kwangu. Mwanzoni aliuliza kila asubuhi mama yake atarudi lini; baadaye akaacha kuuliza, akawa anafinyanga vyungu vidogo vya tope na kuviponda mwenyewe.

Baba alibatizwa, akapewa jina jipya lililokuwa likituvunja taya. Mama aliingia darasa la ubatizo kwa sababu baba alitaka, na kwa sababu ya wale watoto wawili waliozikwa. Alikaa benchi la nyuma na wanafunzi wengine. Alikuwa anasikiliza sana. Mwalimu alimsifu kwamba hasahau kitu.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha mama alituchukua mimi na Tumpe kwenda mwambao kumwona Mama Mdogo. Baba hakukataza, alijifanya hajui. Tulimkuta amekonda lakini anang'aa uso. Alimkumbatia Tumpe mpaka mtoto akalia kwa kubanwa, kisha akamwambia mama, akicheka, "Mwenzangu, nami nimebatizwa!"

Alikuwa amekuja mhubiri kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Waingereza, mtu mweusi kama sisi, hana Mzungu nyuma yake. Alihubiri ufukweni. Hakuwauliza watu wana wake wangapi, wala kama walifukuzwa au walifukuza. Aliyetaka aliingia naye ziwani siku hiyo hiyo.

"Amenizamisha mzima," Mama Mdogo alisema. "Mzima, mpaka nywele. Maji yalinifunika, nikasikia moyo wangu ukipiga masikioni, kisha akaninyanyua. Sijapata kuwa mwepesi namna ile." Kisha akaacha kucheka, akamshika mama mikono. "Lakini amesema wale wa misheni yenu, waliodondoshewa maji kichwani, hawajabatizwa. Amesema siku ile kubwa inakuja upesi, na wale hawatapita. Usiende kwao, mwenzangu. Njoo uzame nami. Nimelia sana kwa ajili yako. Nitakaa huko na nani?"

Mama akasema, "Na Tumpe? Tumpe walimdondoshea pamoja na baba yake."

"Najua," Mama Mdogo akasema. Akafunika uso kwa mikono yake yenye udongo.

Tuliporudi nyumbani mama akamweleza baba. Ndiyo mara pekee nilipomwona baba akipaza sauti. "Huyo ni mwongo! Hana ruhusa ya mtu. Maji yale ni kuoga tu. Mwambie arudi kwa Mchungaji, aanze darasa, aache hao watu, asije akapotea!" Sauti ilimkatika hapo kwenye kupotea, akatoka nje. Nilimwona amekaa chini ya mgomba akifuta macho. Alikuwa anamlilia mwanamke aliyemfukuza, asije akaungua. Na yule mwanamke, kule mwambao, alikuwa anatulilia sisi kwa neno hilo hilo. Mimi katikati yao nilielewa jambo moja tu: kwamba kuna mazizi mawili, na watu wangu wamegawanywa.

Askari wa boma walimfukuza yule mhubiri, kwa sababu Wajerumani hawakupenda mtu wa ng'ambo akusanye watu bila Mzungu. Alivuka Songwe akaenda zake. Waliobaki walisali peke yao ufukweni, wakipungua. Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara uliowapitia watu wengi wa mwambao mwaka ule, na Mama Mdogo akaugua.

Kaka zake walimleta kwa mtumbwi, akiwa amekwisha kufa. Walipanda nao mtoni kadiri walivyoweza, kisha wakambeba kwenye mkeka. Kaka mkubwa akamwambia baba, "Alisema alazwe alipo mtoto wake. Hatukuweza kukataa neno la mtu anayekufa." Baba akashukuru, "Ndaga fijo," akawapa maji ya kunywa.

Mama akamwambia, "Mpeleke kwenye ua ulioujenga."

Baba alikwenda kwa Mchungaji. Alikaa huko mpaka jua likawa kali, na sisi tulikaa na maiti kivulini, mama akifukuza nzi. Aliporudi hakuhitaji kusema. Mama akasema, "Wamekataa."

"Hakubatizwa na sisi. Alikuwa ameambiwa arudi, hakurudi." Baba alikuwa anayarudia maneno ya mtu mwingine, nayo hayakumkaa mdomoni vizuri. "Wamesema anaweza kulala nje, upande wa chini. Karibu."

"Karibu," mama akasema.

Basi tukamzika nje ya ua, upande wa chini, karibu kiasi kwamba mwanzi uliopinda ungeweza kugusa udongo wake. Kaka zake waliomboleza kwa desturi ya kwao. Mwalimu mmoja wa misheni alikuja akasimama mbali, kofia mkononi, akaondoka kabla hatujamaliza. Hapakuimbwa wimbo wowote wa kanisa. Baba aliujua wimbo, nilimwona akifungua mdomo, akaufunga.

Sisi watoto wawili tulizungumza juu ya jambo hili siku nyingi. Tumpe aliogopa mbwamwitu. Hatukuwa tumemwona mbwamwitu hata mmoja. Tulidhani ni aina ya fisi, na fisi tuliwajua. Tukaona kwamba kosa lote ni la mahali. Mwenye zizi akija atahesabu walio ndani, atafunga kamba ya mlango, na Mama Mdogo atakuwa hapo hapo, nje, akisikia wenzake wakiondoka. Tukakata shauri kumhamisha.

Tulikwenda mchana, wakati watu wako mashambani, na kibuyu kilichokatwa. Tulichota udongo wa kaburi lake, tukazunguka mpaka mlangoni, tukafungua kamba, tukaumwaga ndani, pembeni mwa kaburi dogo la mtoto wa Mchungaji, maana pale palikuwa na nafasi na tuliona atapata mtoto wa kumlea. Tukarudi kuchota tena. Hatukucheka wala hatukucheza. Nadhani sijafanya kazi nyingine kwa makini kama ile.

Mchungaji alitukuta hapo. Alikuwa na desturi ya kuja kwa mtoto wake saa ambazo watu hawapo. Alisimama na kofia yake pana, akaangalia ule udongo mwekundu karibu na jiwe la mwanawe, akaniuliza, "Mnafanya nini, watoto?"

Tumpe akasema, "Tunamhamisha mama."

Akachuchumaa. Nakumbuka magoti yake yalilia. Akasema polepole, akichagua maneno, kwamba Mungu haangalii udongo, udongo ni wa mwili tu, na ua huu ni kwa ajili ya ng'ombe.

"Basi tumwingize mzima," Tumpe akasema.

Alikuwa mtu mwema. Sitaki mumwone vingine. Aliwahi kukesha na watoto wa watu waliokuwa hawamwamini. Uso wake ulikuwa mwekundu, na mdomo ulicheza kama mtu anayetafuta neno katika lugha ambayo hakufundishwa. Kisha akainuka, akatushika mikono sote wawili, akatutoa nje, akafunga kamba. Hakutuchapa. Hakumwambia baba. Ule udongo aliuacha pale pale. Kesho yake tulimkuta mama ana habari zote, maana Tumpe hakuwahi kuweza kuficha kitu. Mama hakutugombeza. Alitunawisha mikono, kucha kwa kucha.

Pasaka ilipofika mama alikuwa miongoni mwa watu wa kubatizwa. Walikuwa wamevaa nguo nyeupe, wamesimama mbele, na baba alikuwa amekaa benchi la wazee wa kanisa, amenyoa, anang'aa kama siku ya harusi. Alikuwa ameisubiri siku ile kuliko alivyosubiri yake. Mchungaji alimfikia mama, akamuuliza kama anaamini hili na lile. Mama alijibu yote, hakukosea. Kisha akasema, "Nami nina swali."

Watu hawaulizi swali hapo.

"Sekela yuko wapi?"

Mchungaji alikuwa na chombo cha maji mkononi. Angeweza kusema lolote; kama angesema tu yuko na Mungu, mambo yangekwisha. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema kwa sauti ya chini, ila sote tuliisikia, "Mama, hakuwa na ubatizo wa kweli. Alifuata mafundisho ya uongo. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta."

"Na yeye aliambiwa hatanikuta mimi," mama akasema. "Kila mtu ana hakika." Akavua kitambaa cheupe cha kichwani, akakikunja vizuri, akampa mwanamke aliyekuwa karibu. "Nitakula na nani huko?"

Akarudi benchi la nyuma, akakaa. Ibada ikaendelea. Sikuthubutu kumwangalia baba, lakini nilisikia watu wakiimba na sauti yake haimo.

Nyumbani, baba alimwambia, "Umeniacha peke yangu."

"Sijakuacha," mama akasema. "Chakula chako hiki hapa. Nimekataa kumwacha yeye kwa mara ya pili."

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya siku ile, kwa upole, kama watu wawili wanaotunza mgonjwa mmoja. Vita vilikuja. Waingereza walimchukua Mchungaji na mkewe, wakawapitisha barabarani na mizigo yao, na watu waliokuwa wamemkasirikia walilia. Baba ndiye aliyeuangalia ua wa makaburi baada ya hapo, pamoja na lile kaburi dogo, na kaburi la nje alilipalilia pia. Jumapili alikaa mbele. Mama alikaa nyuma, kila Jumapili, hakukosa, kama mwanafunzi asiyefaulu. Wachungaji wengine walimjia, mmoja baada ya mwingine, wakamsihi. Kila mmoja mama alimuuliza swali lake lile, na kila mmoja alikuwa na jibu. Wengine walisema ndiyo, atamkuta, haraka haraka, ili wambatize. Hao ndio aliowakataa upesi zaidi.

Kila ilipotokea hivyo baba alikuwa mlangoni, akisikiliza. Alipokaribia kufa alimwita mama, akamshika mkono, akasema, "Basi nikuage vizuri, maana huko sitakuona." Alisema bila hasira. Aliamini. Mama alimpaka mafuta miguuni, akamnyamazia, kwa kuwa hata yeye hakuwa na la kumpa. Tulimzika ndani, kwa nyimbo zote.

Mama aliishi miaka kadhaa zaidi, nyumbani kwa Tumpe, ambaye alimtunza kuliko mimi. Alipokuwa hawezi tena kuinuka alikuja mchungaji kijana, mtoto wa watu wa kwetu, aliyekuwa bado na aibu ya kukaa kwenye kiti wakati wazee wako chini. Alimsalimia, "Ugonile, mama," akapiga magoti kando ya kitanda. Mama akamuuliza swali lake.

Yule kijana akasema, "Mama, sijui. Ningependa kukuambia ndiyo, utamkuta. Lakini sijui."

Mama akafumba macho. Tulidhani amekasirika. Akasema, "Tumpe, lete maji."

Akabatizwa amelala. Maji yalimwingia sikioni, akacheka, na akafariki kabla mpunga haujakomaa. Watu wananiambia nifurahi, na kwa mama ninafurahi. Ni baba ninayemlilia. Yeye alikwenda akiwa na hakika kwamba ameagana milele na wake zake wote wawili, na siku ile alipokuwa akiwaza hivyo kitandani, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Sijui."